Maneno 60 ya Taa

Muhula uliopita nilipewa kazi iliyoonekana nyepesi: kuandika lebo ya maneno 60. Tulikuwa wanafunzi tisa wa shahada ya uzamili huku Uholanzi, kila mmoja na kifaa chake katika maonyesho ya kufunga kozi. Mimi niliangukiwa na taa ya kuning'iniza kutoka Cebu, Ufilipino: tufe la waya lililozungushiwa singa za abaka, jembamba mahali pengine, zito pengine. Ukiiwasha, kuta zote hujaa vivuli kama vya nyavu zilizoanikwa.

Niliishika kwa glovu, na bado pua ikanirudisha Muheza. Harufu ilikuwa ya katani. Mtu aliyekulia jirani na shamba la mkonge hawezi kuikosea: singa nyeupe zimetoka kwenye korona, zimetundikwa juani, watoto tunafukuzwa tusizichezee.

Abaka si mkonge. Ni ndugu wa mgomba, na singa zake huvutwa kutoka kwenye magamba ya shina. Kwa kuwa hazishindwi upesi na maji ya chumvi, merikebu za karne ya 19 zilizitaka sana, ndiyo maana kamba zake zikaitwa kamba za Manila hata zilipolimwa mbali na Manila. Mkonge ulipoletwa Tanga mwaka 1893 ulikuja kuwa mshindani wake. Kisha Wajapani wakaiteka Ufilipino mwaka 1942, abaka ikakatika kwa Uingereza na Marekani, na serikali ya kikoloni Tanganyika ikawa inawakamata watu kwa amri wakafanye kazi kwenye mashamba ya mkonge. Hilo la mwisho nililijua kwa masimulizi ya nyumbani. Kwamba chanzo chake kimojawapo kilikuwa upungufu wa kamba za Manila, nimelijua kwa sababu ya taa.

Turudi kwenye lebo. Jina la mbunifu nilikuwa nalo. Mwaka nilikuwa nao. Mahali pa "aliyetengeneza" palikuwa tupu. Nikaandika kuuliza, nikajibiwa kwa upole kwamba kila taa hupita mikononi mwa watu wengi: anayechomelea fremu, anayechambua singa, anayezungusha, anayepiga dawa ili wadudu wasisafiri nayo. Majina hayahifadhiwi. Wazo langu la kwanza likawa kuomba picha kubwa ya mmoja wao akiwa kazini, niitundike kando ya taa. Nilijiona mtetezi wa haki.

Ndipo nikasoma habari za Madrid.

Mwaka 1887 Hispania ilifanya Maonyesho Makuu ya Visiwa vya Ufilipino katika bustani ya Retiro. Jumba la kioo na chuma lililojengwa ili kuweka mimea ya visiwani bado limesimama, na siku hizi ni ukumbi wa sanaa. Mimea haikuja peke yake. Waliletwa na watu: Waigorot wa milimani, Waislamu wa kusini, wafumaji, wasokota sigara. Wageni walilipa kiingilio, wakawatazama wakifanya kazi. Baadhi yao walifia hukohuko. José Rizal, aliyechapisha riwaya yake *Noli Me Tangere* mjini Berlin mwaka huohuo, alimwandikia rafiki yake Blumentritt kwa uchungu juu ya jinsi wananchi wenzake walivyofanywa kitu cha kutazamwa. Na ni Madrid hiyohiyo iliyokuwa imempa Juan Luna, Mfilipino, medali ya dhahabu kwa mchoro wake *Spoliarium* mwaka 1884. Mchoraji alipewa medali. Mfumaji, miaka mitatu baadaye, alipewa eneo lenye kamba ya kuzuia watu.

Marekani ilipovinunua visiwa hivyo kutoka Hispania kwa dola milioni 20, iliurithi na mtindo huo, ikaukuza. Katika Maonyesho ya Dunia ya St. Louis mwaka 1904, sehemu ya Ufilipino ilichukua ekari 47, na Wafilipino zaidi ya elfu moja waliishi humo kwa miezi, katika vijiji vya mianzi na makuti. Kulikuwa na nguo za nyuzi za mnanasi, nyepesi kama pumzi, na mikeka na vikapu. Magazeti hayakuwa na haja navyo. Yaliandika juu ya Waigorot na nyama ya mbwa, na foleni zikawa ndefu.

Baada ya kusoma hayo, picha yangu ya fundi akiwa kazini ilinitia aibu. Nilikuwa nataka kumtoa kwenye giza, na mahali pekee nilipojua pa kumweka ni jukwaani Retiro.

Wafilipino wenyewe hawakuningoja mimi, bila shaka. Maonyesho ya biashara ya Manila FAME yalianza mwaka 1983, wanunuzi wakawa wanakwenda Manila badala ya watu kusafirishwa. Huko Cebu, Betty Cobonpue alikuwa tayari na karakana yake ya henzirani, na mwanawe Kenneth aliporudi kutoka masomoni New York miaka ya 1990 alizifanya samani na taa za nyuzi zijulikane kwa jina la mtu, kama Waitaliano wanavyofanya. Hilo si jambo dogo. Lakini ni jina la mbunifu. Aliyenipa fundisho zaidi ni Lang Dulay wa Lake Sebu, mfumaji wa Kitboli, aliyefuma t'nalak, kitambaa cha abaka ambacho michoro yake wafumaji husema huioteshwa usingizini. Mwaka 1998 serikali ilimpa hadhi ya Hazina Hai ya Taifa. Hapo aliyefuma na aliyebuni ni mtu mmoja, naye ana jina. Taa yangu ni kazi ya kiwanda. Siwezi kuilazimisha iwe t'nalak.

Picha nikaiacha. Lebo ilitaja mbunifu, abaka, waya, Cebu, ikaeleza kwa sentensi moja jinsi singa zinavyovutwa shinani, na kumalizia: "Aliyechomelea, aliyechambua, aliyezungusha: majina yao hayakuandikwa." Mwalimu alisema sentensi hiyo inasikika kama mashtaka, akashauri niandike "mafundi wa Cebu". Nilibishana naye siku mbili, ikabaki.

Siku ya ufunguzi nilisimama karibu, nikijifanya nasoma simu. Mama mmoja alifika, akaisoma lebo yote, akainua kichwa akatazama vivuli ukutani kwa muda mrefu. Halafu akanigeukia na kuniuliza kama taa inauzwa.