Mbeya: Ndege Ilitangulia, Reli Ikaja Mwisho

Mji wa Mbeya uliota chini ya Mlima Loleza katika miaka ya 1920, dhahabu ilipowavuta wachimbaji kwenda Lupa, upande wa Chunya. Kufika huko ilikuwa kazi. Aliyetoka pwani alipanda Reli ya Kati mpaka Dodoma, akashuka na mizigo yake, kisha akatafuta lori la kumpitisha Iringa kwa barabara ya udongo. Masika yakianza, magari yalizama kwenye tope na safari ikasimama.

Ajabu ni kwamba ndege iliwahi. Mwaka 1932 shirika la Imperial Airways lilipofikisha safari zake za London hadi Cape Town, Mbeya ilikuwa mojawapo ya vituo. Barua za watawala na walowezi zikatua hapo, huku mkulima wa Rungwe akiendelea kubeba ndizi zake kichwani.

Tarehe 11 Novemba 1965 mambo yaligeuka. Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi Rhodesia ya Kusini, na Zambia, isiyo na bahari, ikabanwa, kwa kuwa shaba yake ilipita huko. Ikageukia njia ya Dar es Salaam. Malori yaliyosheheni mapipa ya mafuta yakapanda mlima Kitonga, yakapita Mbeya hadi Tunduma, na kurudi na shaba. Vumbi kiangazi, utelezi masika. Madereva na matingo wengi walipoteza maisha. Bomba la mafuta la kwenda Ndola lilikamilika mwaka 1968, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 barabara ikawekwa lami.

Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda wa Zambia walitaka pia reli. Wafadhili wa Magharibi walikataa, wakidai haitalipa. China ikakubali kwa mkopo usio na riba. Mkataba ulitiwa saini Septemba 1967, na ujenzi ukaanza Oktoba 1970.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kati ya Mlimba na Makambako, reli inapotoka bonde la Kilombero na kupanda nyanda za juu. Udongo ni laini, mvua ni nyingi, makorongo ni marefu. Mahandaki mengi ya reli nzima yako hapa: treni huingia gizani, hutoka juu ya daraja, kisha huingia gizani tena. Wachina zaidi ya 60 walifariki katika mradi huo, na makaburi ya wengi wao yapo Gongo la Mboto. Juni 1975 kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam, kupitia Mbeya, hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia zilikuwa zimekamilika.

Ndege nazo zilipata makao mapya: uwanja wa Songwe, nje ya mji wa Mbeya, ulifunguliwa mwaka 2012, ukapokea ndege kubwa ambazo ule wa zamani, katikati ya mji, usingeziweza.

Dhahabu, barua za Cape na shaba: kila njia ilifunguliwa kwa haja ya mbali, na wenyeji wakaifanya yao kwa mchele wa Kyela na viazi vya Umalila. Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya kufufua reli hiyo, TAZARA. Wanaosimamia kazi hiyo wasihesabu tani za shaba peke yake. Mlimba na stesheni ndogo jirani zinaitegemea treni ya abiria kuliko mji wowote mkubwa. Nayo ifufuliwe kwa uzito uleule.