Jasho la Mhudumu

Barabara ya Manyoni hadi Singida imetutoa wengi hapa Issuna, vijana wa kwenda kubeba sahani kwenye migahawa ya mjini. Mwezi ukiisha bosi anakwambia, "Subiri kidogo, biashara mbaya." Ukidai sana, eti mlango ule pale!

Babu zetu waliona makubwa zaidi. Chini ya Mwingereza, sheria ya mabwana na watumishi wenyeji ya 1923 ilimfanya kibarua aliyetoroka kazi kuwa mhalifu wa kufungwa jela.

Kibao kimegeuka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri aandike masharti ya kazi. Asipoleta maandishi hayo kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha mlichopatana ni wake, siyo wako. Kwa hiyo nasema: kukosa mkataba wa karatasi siyo kukosa haki.

Ila Tume ya Usuluhishi na Uamuzi haipiti mezani kuuliza nani hajalipwa. Kanuni za 2007 ziliweka siku 60 za kupeleka dai la mshahara, na ile "subiri kidogo" inakula siku hizohizo. Vijana wenzangu, tuzihesabu kama tunavyohesabu chenji ya mteja.