Walizika Watu Laki Nane, Halafu Wakaambiwa Wazae Wachache

Kila mara mtu akiposti video kuhusu kupanga uzazi, komenti ya kwanza unaijua hata kabla hujaisoma: "Hii ni njama ya wazungu kutumaliza." Ya pili nayo: "Watu wa ushago hawajasoma, ndiyo maana wanazaa ovyo." Hizi kambi mbili zinapigana kila wiki na mimi naona zote zimeruka kitu kimoja. Zote zinaongea ni kama watu hawana kumbukumbu. Ati mama anayekataa sindano hana sababu yoyote, na yule anayeikubali lazima amedanganywa.

Sasa wasee, leo twende Rwanda. Nchi yenyewe ni ndogo, hata kaunti yetu ya Kitui inaishinda kwa ukubwa. Lakini hakuna mahali Afrika Mashariki panapoonyesha vizuri hivi jinsi vita vinavyoingia mpaka chumba cha kulala.

Nianze na jina. Juvénal Habyarimana alikuwa rais wa Rwanda kuanzia 1973. Kwa Kinyarwanda, jina Habyarimana linamaanisha Mungu ndiye anayezaa, yaani watoto ni kazi ya Mungu. Kuna majina mengi ya aina hiyo kule, na yanakuonyesha watu waliamini nini. Sasa kicheko ni kwamba huyu huyu mwenye jina hilo ndiye ambaye serikali yake ilianzisha ofisi ya kitaifa ya idadi ya watu, ONAPO, mwaka wa 1981. Utafiti wa 1983 ukaja kuonyesha mwanamke mmoja anazaa wastani wa watoto 8.5. Mashamba yanagawanywa mpaka yanakuwa vipande. Serikali ikaingiwa na baridi.

Kazi ilienda polepole. Kanisa Katoliki lilikuwa na nguvu sana na halikutaka kusikia habari za vidonge. Lakini kufikia 1992, wanawake 13 kati ya 100 walioolewa walikuwa wanatumia njia za kisasa. Si wengi, ila mlango ulikuwa umeanza kufunguka.

Halafu ikaja Aprili 1994.

Kwa siku kama 100 hivi, Watutsi na Wahutu waliopinga mauaji walichinjwa. Umoja wa Mataifa husema watu 800,000 hivi, serikali ya Rwanda husema zaidi ya milioni moja. Watu walikimbilia makanisani Ntarama, Nyamata na Nyarubuye wakidhani madhabahu itawaokoa, na wakauawa humo humo. Manesi na madaktari wengi waliuawa, wengine wakatoroka nchi, na wengine, hii ndiyo inauma, walishiriki kuua.

Utafiti uliofuata ulifanywa mwaka wa 2000. Wale 13 kati ya 100 walikuwa wamebaki 4.

Ni rahisi kusema ni kwa sababu kliniki ziliharibiwa na dawa hazikuwepo. Ni kweli, hiyo ni nusu ya stori. Nusu ya pili iko kichwani mwa watu, na hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Jiweke pale. Mlikuwa watoto saba nyumbani, umebaki wewe. Halafu mtu anakuja na karatasi anakuambia nchi ina watu wengi, hebu punguza. Wengi kati ya nani? Watu wengi walitaka kuzaa ili nyumba isizimike, na nani angewalaumu? Hata maofisa wenyewe waliona aibu kuliongelea. Miaka kadhaa baada ya 1994, kupanga uzazi ilikuwa mada ambayo mwanasiasa mwenye akili alikuwa anaizunguka kama shimo la barabarani.

Kuna jambo la pili. Tangu miaka ya 1930, wakati wa Wabelgiji, kitambulisho cha Mnyarwanda kiliandikwa kabila lake. Mwaka wa 1994 kitambulisho hicho hicho ndicho kilichoulizwa kwenye vizuizi vya barabara, na jibu lilikuwa kifo au kupita. Mimi nasoma hivi: mtu ambaye ameona orodha ya serikali ikigeuka orodha ya kuua hawezi kufurahia serikali ikirudi tena na kalamu kuhesabu tumbo lake.

La tatu ni ubakaji. Mjumbe maalum wa Umoja wa Mataifa mwaka wa 1996 alikadiria kwamba wanawake kati ya 250,000 na 500,000 walibakwa. Ile ofisi ya idadi ya watu nayo ilikadiria kwamba watoto kati ya 2,000 na 5,000 walizaliwa kutokana na ubakaji huo. Mnamo Septemba 1998, mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha, hapa tu jirani, ilimhukumu Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kusema kwamba ubakaji unaweza kuwa kitendo cha mauaji ya kimbari. Fikiria sasa huyo mama aliyebeba mimba ya muuaji wa mumewe. Ukimwambia neno "mpango wa uzazi", anasikia nini? Hakuna mtu aliyemuuliza mpango wake.

La nne watu hulisahau: shamba. Kwa desturi, mtoto wa kike hakurithi ardhi, na mjane alikaa kwenye shamba la mume kupitia watoto wake, hasa wavulana. Nchi ikabaki na wajane na mayatima wengi ajabu. Kwa mjane, mtoto wa kiume hakuwa tu mapenzi, alikuwa hati ya shamba inayotembea. Ni mpaka Novemba 1999 ndipo sheria ya urithi ikasema msichana na mvulana wako sawa. Kwa hivyo ukisema mama wa 1997 alikuwa mjinga kutaka wavulana wengi, wewe ndiye hujafanya hesabu. Yeye alikuwa ameshaifanya.

Sasa angalia kilichofuata. Mwaka wa 2005 watumiaji wa njia za kisasa kati ya walioolewa walikuwa 10 kati ya 100. Kufikia 2008 walikuwa 27. Mwaka wa 2010 walikuwa 45. Utafiti wa 2019 na 2020 ukakuta 58. Wastani wa watoto kwa kila mwanamke ulishuka kutoka 6.1 mwaka wa 2005 hadi 4.1. Manze, ni nchi chache sana duniani zimebadilika kwa kasi hiyo.

Kuna wanaosema ni mabango na redio. Mimi sikubali. Angalia namba nyingine kwanza. Mwaka wa 2000, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa Rwanda, 196 walikufa kabla ya kufika miaka mitano. Karibu mmoja kati ya watano, na hiyo ni baada ya vita kuisha. Mwaka wa 2010 walikuwa 76. Kufikia 2020 walikuwa 45. Weka hizo namba kando ya zile za kwanza uone. Watu waliozika sana walikubali kuzaa wachache pale walipoanza kuona kwamba waliozaliwa wanabaki.

Na hilo lilitokea juu ya vitu vya kawaida kabisa. Bima ya afya ya jamii, mutuelle, ilisambazwa nchi nzima. Kila kijiji kilichagua wahudumu wake wa afya, majirani unaowajua, si mgeni aliyeshuka kwenye gari jeupe. Wahudumu hao kwanza walikuja na dawa ya malaria na kupima watoto uzito. Baada ya hapo, kuanzia 2010 hivi, ndipo wengi wao wakafunzwa kupeana vidonge, kondomu na sindano. Yaani yule aliyekuja na sindano alikuwa ndiye aliyeokoa mtoto wako mwaka jana. Utamwambia yeye ni njama?

Lugha nayo ilibadilika. Kinyarwanda kina neno kuringaniza, yaani kusawazisha, na likatumika kwa uzazi: kusawazisha watoto, kuwapa nafasi. Mazungumzo yakahama kutoka "nchi imejaa" hadi "huyu mtoto atasoma, mama atapona". Na Kanisa? Serikali haikupigana nalo. Pale kituo cha Wakatoliki kilipokataa kutoa huduma, walijenga kibanda kidogo karibu na pale, na huduma ikatolewa humo. Padri akabaki na msimamo wake, mama akabaki na chaguo lake, na njia ya kwenda pale ni ile ile.

Lakini msinielewe vibaya, si stori ya malaika. Mwaka wa 2007 serikali ilianza kuongea wazi kuhusu kuweka kikomo cha watoto watatu kwa familia. Haikufika kuwa sheria ya kulazimisha watu, lakini ilisemwa, na na watu wenye mamlaka. Viongozi wa wilaya nao, tangu 2006, husaini mikataba ya utendaji inayoitwa imihigo, na wanapimwa kwa namba. Mada ya uzazi huletwa pia kwenye mikutano ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mbele ya majirani na viongozi. Swali langu ni moja tu: katika nchi ambayo kupinga serikali si mchezo, utajuaje kama mama aliyenyosha mkono amekubali au ametii? Takwimu ya 58 haiwezi kukujibu hilo.

Na hili swali lina tarehe yake. Mnamo Septemba 1994, miezi miwili tu baada ya mauaji kusimamishwa, serikali 179 zilikutana Cairo kwenye mkutano wa idadi ya watu na maendeleo. Huko ndiko dunia ilikubaliana kwamba tuache kuwahesabu wanawake kama matatizo, tuanze na haki yao ya kuamua. Karatasi ile ilipitishwa wakati Rwanda ilikuwa bado inazika.

Ukivuka mpaka kuingia Kongo, utaona upande wa pili wa sarafu. Utafiti wa 2013 na 2014 ulikuta wastani wa watoto 6.6 kwa mwanamke, na wanawake 8 tu kati ya 100 walioolewa wakitumia njia za kisasa. Vita vya mashariki mwa Kongo vilianza na yale yale ya 1994 kuvuka mpaka, na havijaisha. Goma iliangukia mikononi mwa M23 Januari 2025, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamesema mara kwa mara kwamba Rwanda inawaunga mkono. Kwa hivyo nchi ile ile tunayoisifu kwa kliniki zake inatajwa kwenye vita vinavyofunga kliniki za jirani. Ukisifu moja, taja na nyingine.

Turudi nyumbani. Kenya ilianza mpango rasmi wa uzazi mwaka wa 1967, mapema kuliko karibu nchi zote za Afrika kusini mwa Sahara. Leo tuko wastani wa watoto 3.4. Lakini utafiti wa 2022 unaonyesha Embu watumiaji wa njia za kisasa ni 75 kati ya 100 ya walioolewa, na Mandera ni 2. Mbili! Wengi wetu hapa Nairobi tunamaliza mjadala na neno "dini". Dini ipo, umbali upo, maisha ya ufugaji yapo, shule chache zipo. Lakini kaskazini ndiko kulikopiganwa vita vya Shifta miaka ya 1963 hadi 1967, na Wajir ndiko wanaume walikokusanywa na vikosi vya serikali kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla mwezi wa Februari 1984 na wengi wao kuuawa. Sisemi hiyo ndiyo sababu pekee. Nasema serikali ikibisha mlango kule na kusema "zaa wachache", haibishi kama mgeni asiyejulikana.

Kwa hivyo wewe wa njama, Rwanda inakuonyesha kwamba hofu yako si wazimu, ila haitibiwi kwa kukataa dawa. Inatibiwa kwa mtoto kuishi, mama kurithi shamba, na nesi kuwa mtu wa kijijini. Na wewe wa "hawajasoma", kabla hujauliza mtu kwa nini anazaa wengi, uliza kwanza wale aliokuwa nao wako wapi.

Bishaneni nami hapo chini. Lakini mje na historia, si hasira tupu.