Kubadilisha oili ya habu ya Rohloff

Rohloff Speedhub 500/14 ni habu ya Kijerumani ya gurudumu la nyuma la baiskeli, yenye gia 14 zilizofungiwa ndani. Oili yake hubadilishwa kila kilomita 5000, au mara moja kwa mwaka kwa asiyefikisha. Kwanza oili ya kusafishia, mililita 25, huingizwa kwa bomba la sindano kupitia tundu dogo la skrubu. Pedali huzungushwa dakika chache huku mtu akihama kati ya gia ya 3 na ya 5. Tundu likielekezwa chini, husubiriwa robo saa oili ituame, ndipo inyonywe. Wenye haraka huacha uchafu mwingi ndani. Kisha oili mpya huingizwa kupitia tundu hilohilo, na skrubu hukazwa kwa mkono mwepesi. Habu kutoa unyevunyevu wa oili si hitilafu.