Rangi Zilizozaliwa na Mnyororo

Nikifundisha kemia ya mwanga, huanza na kwinini, dawa ambayo bibi za wanafunzi wangu waliimeza wakiugua malaria. Mwaka 1852 George Stokes wa Cambridge alionyesha kuwa mmumunyo wa kwinini hufyonza mionzi ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho, kisha hutoa mwanga wa buluu. Mulika toniki, kinywaji chenye kwinini, gizani kwa taa ya urujuanimno, nawe utaiona buluu hiyo.

Polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo, zilifuata baadaye sana. Mwaka 1990, hapo hapo Cambridge, Jeremy Burroughes, Richard Friend na wenzao walitangaza polima iliyotoa mwanga wa kijani-manjano ilipopitishiwa umeme. Nguvu yake imo katika mnyororo wa kaboni ambamo bondi moja na bondi mbili hupokezana. Badilisha muundo wa mnyororo, na rangi hubadilika.

Kisha, katika miaka ya 2000, Jason McNeill wa Clemson, Marekani, na wenzake walizigeuza polima hizi kuwa chembe za nanomita. Njia yao inanivutia mno: polima huyeyushwa katika kiyeyushi, kisha humiminwa kwa kasi ndani ya maji yanayotikiswa kwa mawimbi ya sauti. Polima hukwepa maji, hivyo mnyororo hujikunja kama uzi unaoviringwa kuwa donge. Ukichanganya polima mbili katika chembe moja, ile inayotoa mwanga wa buluu huipa ile ya mwanga mwekundu nishati yake. Hivyo taa moja huwasha rangi nyingi.

Leo watafiti huzitumia chembe hizi kutia alama seli. Ndiyo maana nasisitiza: mwanafunzi anayeelewa bondi anaweza kubuni rangi.