Ubao wa Msembe

Ubao wa kupimia maji hauna maajabu machoni. Ni bamba la chuma lenye mistari ya sentimita, limefungwa kwenye nguzo ukingoni mwa mto. Lakini ule wa Msembe, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ndio shahidi mkuu wa yaliyoupata mto Ruaha Mkuu. Vipimo vya pale vinaanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Kazi ya msomaji wa vipimo inataka subira. Anashuka ukingoni akiwaangalia mamba na viboko, anangoja viwimbi vitulie, anasoma mstari ulioguswa na maji, anaandika daftarini. Kesho tena. Tope lililoganda juu ya ubao humweleza mafuriko ya usiku yalipofika.

Kina peke yake, hata hivyo, hakisemi ni maji kiasi gani yanapita. Kwa hiyo wataalamu huja na kipima mkondo, chombo chenye pangaboi dogo linalozungushwa na maji. Huupima mto kipande kwa kipande toka ukingo hadi ukingo, wakapata mita za ujazo kwa sekunde. Na mto wa mchanga haukai ulivyo: mafuriko yakishahamisha mchanga, kina kilekile hubeba maji mengine, na kazi inaanza upya.

Mwishoni mwa 1993 mtiririko wa Msembe ulifika sufuri. Tangu hapo imekuwa hivyo karibu kila kiangazi. Viboko hujazana kwenye madimbwi ya mwisho, matope mpaka puani.

Miaka ileile nchi ilikuwa gizani kwa mgawo wa umeme, maana mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu hutegemea mto huu. Lawama ziliwaangukia wafugaji na wakulima wa bonde la Usangu, upande wa juu wa mto, na mwaka 2006 mifugo ilianza kuondolewa kwa nguvu. Vipimo vilikuwa na maelezo marefu zaidi. Mito inayoshuka kutoka milima ya Kipengere na Uporoto, kama Mbarali, Kimani na Chimala, huchepushwa na mifereji ya mpunga kabla ya kufika kwenye kinamasi cha Ihefu. Ihefu nayo ni kama beseni lenye mdomo wa mwamba, pale N'giriama. Maji yakishuka chini ya mwamba huo, hata tone halitoki, ingawa ndani kinamasi bado kina maji. Na Mtera hujazwa na maji ya masika. Ya kiangazi, hata yangefika yote, ni kidogo mno kwa bwawa kubwa namna ile. Naona ni dhuluma kumhukumu mchunga ng'ombe kwa giza la Dar es Salaam wakati daftari lina hesabu nyingine.

Machi 2001, akiwa London, Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kwamba Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Ahadi ile ilikuwa na uzito kwa sababu ilipimika: hapakuhitajika hotuba ya pili, ni kwenda Msembe tu mwezi wa Novemba na kutazama chini ya ubao. Mwaka 2010 ukafika, kiangazi kikaingia, na chini ya ubao palikuwa na mchanga mkavu.