Sheria Iliyohifadhiwa Vifuani: Chimbuko la Mishna na Talmudi

Kabla ya mwaka 70 baada ya Kristo, dini ya Wayahudi ilisimama juu ya nguzo mbili: Torati iliyoandikwa, na Hekalu la Yerusalemu ambako makuhani walitoa dhabihu. Lakini Torati husema kwa ufupi. Inakataza kazi siku ya Sabato, na haielezi kwa kina kazi hizo ni zipi. Mwenye kutaka kuitii alihitaji mwalimu wa kumwambia kama kufunga fundo ni kazi au si kazi. Majibu ya maswali kama hayo yalipokezanwa kwa mdomo, kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi.

Mwaka 70 majeshi ya Kirumi yakiongozwa na Tito yaliliteketeza Hekalu, na dhabihu zikakoma. Mwalimu Yohanan ben Zakkai akawakusanya wanazuoni mjini Yavne, na uongozi wa dini ukaanza, polepole, kuwaendea marabi. Mwaka 132 ukazuka uasi wa Wayahudi, ulioongozwa na Bar Kokhba, dhidi ya Kaisari Hadrian. Ulipozimwa mwaka 135, Uyahudi ilikuwa magofu, na wanazuoni waliosalia wakahamia kaskazini, Galilaya.

Huko Galilaya, karibu na mwaka 200, Rabi Yehuda, kiongozi wa Wayahudi wa nchi ile, aliyapanga mapokeo hayo ya mdomo katika mkusanyo uitwao Mishna. Una sehemu sita: kilimo, sikukuu, ndoa, madai na fidia, dhabihu, na utohara. Kufunga fundo kumo, katika orodha ya kazi 39 zilizokatazwa Sabato. Msomaji mgeni hushangazwa na jinsi Mishna inavyoanza. Inauliza ni wakati gani wa usiku mtu anaweza kusali sala ya jioni, kisha inatoa majibu matatu yanayopingana, na kila jibu linatajwa pamoja na mwenyewe. Rai iliyoshindwa haikufutwa. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika maandiko haya.

Kwa nini Rabi Yehuda aliifanya kazi hiyo? Maimonides, mwanazuoni wa Misri wa karne ya 12, alieleza kwamba wanafunzi walikuwa wakipungua, dhiki zikizidi na watu wakitawanyika, hivyo ilihofiwa elimu ingepotea. Wataalamu wengine wanaona pia haja ya uongozi: mapokeo yaliyotofautiana yalihitaji msingi mmoja. Sababu hizi mbili hazigombani. Lililo gumu zaidi ni kama Mishna iliandikwa tangu mwanzo. Wayahudi wa Kairouan, katika Tunisia ya leo, waliuliza jinsi Mishna ilivyoandikwa, na mwaka 987 Sherira, mkuu wa chuo cha Pumbedita huko Babeli, akawajibu kwa barua ndefu. Barua hiyo imetufikia katika nakala za aina mbili: moja yasema iliandikwa, nyingine yasema haikuandikwa. Ushahidi wa vyuo vyenyewe unaegemea upande wa pili, kwani vilikuwa na wasomaji maalumu walioibeba Mishna yote moyoni, kama hafidhi anavyoibeba Kurani.

Mishna nayo ikahitaji maelezo. Mijadala ya Galilaya ilikusanywa mnamo mwaka 400 kuwa Talmudi iitwayo ya Yerusalemu, na katika nchi hiyohiyo zikakua Midrashi, yaani fafanuzi za Biblia. Huko Babeli, chini ya Waajemi, vyuo vya Sura na Pumbedita vilijadili kwa Kiaramu kwa karne kadhaa. Kwa mapokeo, Rabi Ashi na Ravina ndio walioikamilisha Talmudi ya Babeli, karibu na mwaka 500. Wachunguzi wa sasa wanaona mikono mingine isiyotajwa majina iliendelea kuihariri baadaye, na hoja yao ina nguvu. Talmudi hii ndiyo iliyoenea zaidi, kwa sababu baada ya makhalifa kuijenga Baghdad, wakuu wa vyuo vya Babeli walikuwa jirani na kitovu cha dola, na barua zao zilifika Afrika Kaskazini na Hispania.

Kuenea huko hakukukosa upinzani: mwaka 1242 shehena za Talmudi zilichomwa moto hadharani mjini Paris. Kati ya mwaka 1520 na 1523, Daniel Bomberg, mchapaji Mkristo, aliichapa yote kwa mara ya kwanza mjini Venice, na hesabu ya kurasa zake ndiyo inayotumika mpaka leo.